Vilele Viwili

Schola, nimeaibika mbele ya maabara nzima.

Si unazijua zile chembe zangu za dhahabu na fedha, nilizohangaika nazo kwenye asetoni miezi mitatu? Leo nimeziwasilisha. Nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba kila chembe ina metali zote mbili.

Dokta Mkude akaitazama grafu ya jinsi zinavyofyonza mwanga. "Mbona kuna kilele cha dhahabu na kingine cha fedha? Zingeungana kingetoka kimoja."

Nikaanza kupekua karatasi zangu.

"Hazijaoana hizi, Jesca. Umezipangisha nyumba moja tu."

Nyumba moja, Schola. Watu wakacheka. Nimetembea hadi mtaa wa Mafiga bado naisikia.

Narudia kazi yote, na muhtasari nimeshautuma kwenye kongamano.

Kinachoniuma, vilele viwili niliviona tangu Jumatatu. Nikajiambia mashine ndiyo mbovu.