Riale Niliyoivaa Shingoni

Mocímboa da Praia, Jumanne

Kaja tena mdogo wangu Saide na ile riale ya fedha aliyoachiwa na baba. Anataka kuipeleka Afrika Kusini, kwa wataalamu wanaokagua sarafu za kale na kuzipa daraja, ili aiuze kwa bei kubwa. Ili alipe gharama yao, itabidi auze friji lake la samaki.

"Dada, inafaa?"

Haifai hata kidogo. Nilipokuwa mtoto mama alinivika riale hiyo shingoni. Mfua fedha aliichomelea kipete cha kupitishia uzi. Nilipokua wakakikata, wakapiga tupa, wakaisugua kwa ndimu na majivu. Mkaguzi ataliona kovu lile mara moja na kuandika kwamba imeharibiwa. Saide hakuwa amezaliwa. Hajui.

Nilitaka kumwambia. Kisha akacheka: "Baba alijua kwa nini hakukupa wewe. Mwanamke angeiyeyusha apate bangili."

Mimi, niliyeivaa miaka yote ile!

"Inafaa," nikamwambia. "Uza friji."

Akanibusu mkono.

Jioni mkewe alikuja analia. Alisema friji lile ndilo linalowalisha watoto, nimkanye mumewe, kwani hamsikilizi mtu ila mimi.

Nikammiminia chai, nikamwambia avute subira.