Theluji ya Barabara ya Durban

Midrand, Johannesburg

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini mgongo umekupa nafasi ya kuinuka, na kwamba ukungu wa Wundanyi haujakufungia ndani na kile kifua chako. Mimi ni mzima, ila vidole vya mguu wa kushoto bado vinakufa ganzi kila asubuhi. Nimeamua kukuandikia kwa mkono na kumpa mtu anayesafiri, kwa sababu simu yako ikilia anayepokea ni Baba, na akishapokea huweka sauti kubwa ili ukoo mzima usikie. Haya yasome wewe kwanza, peke yako, mlango ukiwa umefungwa. Sababu utaiona mbele.

Uliuliza kama ile picha ya theluji ambayo mdogo wangu Wakio aliwatumia ni ya kweli au imetengenezwa kwenye kompyuta. Ni ya kweli, Mama. Huyo mwenye blanketi kichwani anayeonekana nyuma ya kioo, amenuna, ni mimi.

Unajua Baba alivyonipa kazi. Wakio alipotangaza kwamba amepata mchumba huku, Pascal, Mkongo wa Bukavu, fundi wa kushona, Baba alisema wazee wa mtu huyo hawatakanyaga uani kwetu mpaka mimi niseme neno. "Wewe ndiwe macho yetu huko." Basi nikawa macho. Nawe wanijua, sikuzaliwa na imani nyingi, na kazi imeniharibu kabisa. Mchana kutwa nasimama kwenye ghala nikikagua sili za malori kuona kama zimeguswa njiani. Mtu akinisalimia kwa furaha mno, nawaza amebeba nini.

Pascal alinisalimia kwa furaha mno.

Halafu akanialika Durban. Alisema kabla ya posa kupelekwa Kenya, ni lazima Wakio na mimi dada yake tufike kwa wazazi wake. Nikashtuka. Mwezi mmoja kabla ya hapo aliniambia wazazi wake wote wawili wamezikwa Bukavu. Nilipomuuliza, akasema, "Dada mkubwa, hawa ni wazazi wa namna ingine. Utaona." Wakio akageuza maneno haraka, akauliza kama nimepika. Mimi nikajiambia: huyu ana mke Durban. Nilikubali kwenda ili nimkamate.

Tulitoka Midrand asubuhi kwa gari lake, mwezi wa saba, baridi ikiuma. Nilibeba lile jiko la udongo ulilonipa nilipoondoka, na mfuko wa makaa, kwa sababu umeme wa huku hukatwa unapopenda na sikujua tunakokwenda wanapikia nini. Pascal aliuona ule mfuko, akasimama akiutazama, akafunga buti. Hilo nalo nikaliweka kichwani.

Tulipopita Harrismith mvua ilikuwa nyepesi. Kisha ikaacha kutoa sauti. Ndivyo nilivyojua, Mama, si kwa macho bali kwa masikio, matone yaliacha kugonga paa. Nilipotazama nje, kitu cheupe kilikuwa kinashuka polepole, kingi, kana kwamba mtu juu anachekecha unga na hana mpango wa kupumzika. Wakio akapiga kelele za furaha, akafungua kioo, akatoa ulimi nje. Mimi pia nilicheka, sikatai. Muda si muda malori ya mbele yakawasha taa za hatari, yakasimama, nasi tukasimama kwenye mteremko wa Van Reenen, mbele magari, nyuma magari, na kando uzio wa shamba unazama taratibu mpaka zikabaki ncha za nguzo.

Hakuna aliyecheka tena. Theluji ilifika nusu ya magurudumu, ikapanda. Mlango wa upande wangu ukakataa kufunguka. Wundanyi tunajidai tunaijua baridi, lakini ile yetu hukukuta nje ukarudi ndani. Hii iliingia ndani ikaketi nasi. Maji ya kunywa yaliganda kwenye chupa. Tulivaa mifuko ya plastiki juu ya soksi, tukavaa viatu juu yake, na bado nililia kwa maumivu ya miguu.

Sasa sikiliza mambo ya huyo Pascal. Alikuwa anawasha injini kwa muda mfupi, hewa ya moto inatufikia, mara anaizima. Tukimwomba aiache, anasema hapana. Kioo cha upande wake alikishusha kidogo, upenyo wa kupitisha vidole, na theluji ikawa inamwangukia begani, naye hakifungi. Na kila mara kabla ya kuwasha injini alitoka nje, akazunguka nyuma ya gari, akainama tusimwone, akakaa huko. Nilipojigeuza nimchungulie, kioo cha nyuma kilikuwa cheupe chote. Mara moja nikasikia simu yake. Alikuwa akisema kwa upole, "Ndiyo Mama Furaha, tutafika. Uwaambie balale. Theluji ndiyo inatushika."

Mama Furaha! Nikamgeukia Wakio. "Umesikia? Ana mke na watoto wanalazwa."

"Dada, tulia," akasema. "Eish, hata kwenye theluji?"

"Hasa kwenye theluji. Huyu amefurahi tumekwama. Hataki tufike."

Wakio alijifunika blanketi mpaka kichwani.

Jioni ilipokaribia nikachoka. Pascal alikuwa nje tena huko nyuma kwake. Nikamwambia Wakio asogee, nikapitisha mkono juu ya kiti, nikavuta jiko na makaa kutoka kwenye buti. Si ndivyo ulivyotulea, Mama? Mwezi wa saba jiko linaingizwa chumbani, tunalizunguka, tunalala. Nilishaupata moto, makaa yameanza kuwa mekundu miguuni pangu, na ni ile mara ya kwanza tangu asubuhi nilipovisikia vidole vyangu. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Pascal alilishika lile jiko la moto kwa mikono yake akalitupa nje. Likatoa sauti ya kuchemka, likapasuka vipande viwili. Akachukua na mfuko wa makaa akaumwaga wote kwenye theluji, ukabaki kama alama ya kitu kilichochinjwa.

"Umevunja jiko la mama yangu!" nikapiga kelele.

"Dada, minakuomba. Ile makala haiwezi kuwaka humu ndani."

"Unataka tufe kwa baridi?"

Alinitazama, viganja vyake vimeungua. Alifungua milango yote iliyokubali, baridi yote ya milima ile ikaingia, akaiacha wazi kwa muda, halafu akaifunga. Nilikaa nikiwa na hakika kwamba mtu huyu ni katili. Neno la Baba nilikuwa nalo tayari mdomoni: wasipokelewe.

Usiku tuliupitisha tukiwa tumebanana. Kulipokucha anga ilikuwa safi na kila kitu kilikuwa cheupe mpaka macho yanauma. Mkulima mmoja wa pale, mzungu mzee, akaja na trekta, akitugawia supu kwenye vikombe vya plastiki. Mimi nilingoja Pascal anywe kwanza. Ndipo nilipoona vile viganja, malengelenge tele, na bado anazungukia nyuma. Safari hii nilimfuata. Alikuwa amepiga magoti, anachimbua theluji kwa sahani, kuzunguka bomba la moshi.

"Unaficha nini hapo?"

"Bomba hii ikizibwa, moshi inarudi mu gari," akasema. Hakugeuka. "Bibi yangu, mwenye nilioa, alikufa mu moshi ya makala, dada. Kule Johannesburg, wakati ya baridi. Nilikuwa askari wa usiku. Aliingiza mbaula, jiko ya makala, mu chumba, akafunga dirisha juu ya baridi. Nilirudi asubuhi, nikamukuta amelala vizuri. Vizuri kabisa. Nikamuita anitilie chai."

Mama, nilikaa chini kwenye ile theluji. Kumbe kioo, injini, jiko, kule kuinama, vyote vilikuwa kitu kimoja. Nilimwambia pole, na nilimaanisha, nikalia pamoja naye. Lakini nilipofuta machozi nikawaza jambo lingine, maana ndivyo nilivyo. Mtu huyu amewahi kuoa, na hakuna aliyetuambia. Nikatazama ndani ya gari. Wakio alikuwa akitusikia, kioo kimeshushwa. Alikuwa na huzuni, ndiyo. Ila hakuwa na mshangao hata kidogo.

Mashine za kukwangua barabara zilifika mchana, tukashuka polepole nyuma ya malori. Njiani Pascal akanieleza yaliyobaki. Hao wazazi wa Durban ni wakwe zake. Kwao, alivyoniambia, mjane wa kiume haanzi nyumba nyingine mpaka mama wa marehemu amwachilie kwa mdomo wake, mbele ya huyo mke mpya na mtu wa kwao. Mtu wa kwao ndiye mimi. Alitaka kuongeza neno, Wakio akakohoa, naye Pascal akaliacha.

Nilielewa kikohozi hicho tulipofika. Mlango ulifunguliwa na msichana mdogo, anaanza shule mwakani, akatupita mimi na baba yake akimrukia Wakio shingoni. "Wakio! Wakio!" Halafu maneno mengi ya Kizulu, na Wakio anamjibu kwa Kizulu ambacho sikujua anacho. Huyo ndiye Furaha. Mtoto wa Pascal. Mama Furaha wa kwenye simu ni bibi yake, mama wa marehemu, anayemlea. Wakio amekuwa akienda Durban mara kwa mara, mimi nikiambiwa ana mitihani chuoni Braamfontein.

Yule bibi aliketi na Wakio mkekani, akamshika mikono, akamwambia, "Mimi nimemwachilia Pascal. Wewe usimwachilie huyu mtoto." Wakio akasema hatamwachilia. Nami nilisimama pale kama shahidi, nikasema ndiyo kwa niaba yenu, na nilisema kwa moyo.

Kisha nikamvuta mtoto karibu nimsalimie. Alikuwa amevaa sweta ya kijani. Nzito, ya kufumwa kwa mkono, shingo imefungwa kwa kifungo kimoja begani, upande wa kushoto, ili kichwa kipite bila mtoto kulia. Utotoni nilivaa sweta kama hiyo. Wakio alivaa. Katika maisha yangu yote sijaona mwanamke mwingine ila wewe anayeweka kifungo begani.

Ulijua, Mama. Ulijua kuna mjane, ulijua kuna mtoto, ulijua hata kipimo cha kifua chake. Ukamwacha Baba anitume nikachunguze, ukaniuliza kwenye simu "Na huyo kijana yukoje?" kwa sauti ya mtu asiyejua lolote. Nilimbana Wakio, akasema mliogopa mimi ningekataa kabla sijamwona mtoto. Nimejiuliza tangu siku hiyo kama mlikosea, na sipendi jibu ninalolipata. Nimeumia, Mama. Si kwa ajili ya Pascal. Pascal ni mtu mwema, mpokeeni. Nimeumia kwamba wewe na mdogo wangu mnafuma sweta kwa siri kwa sababu yangu.

Nisalimie Shangazi Mkamburi wa kwaya, mwambie bado nasali. Msalimie Mjomba Maganga fundi wa mapaa, na bibi yangu aliye kitandani, umshike mkono kwa niaba yangu. Baba usimpe salamu zangu bado. Anangoja neno kutoka kwangu, nami sitamwandikia. Mwambie wewe mwenyewe, yote, kuanzia siku ulipopokea kipimo. Na ukishamaliza, nifumie na mimi sweta, nione kama bado unakijua kipimo changu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Mghoi