Nimeyapaka Mafuta Mawe ya Binti Yangu

Binti yangu anakuwa daktari! Si wa sindano, wa mawe, nami niliyeishia darasa la saba ndiye niliyemzaa. Shikamoo mshauri, niokoe kabla sijaumbuka.

Mwanangu hupitisha sauti ndani ya jiwe, upande huu kidude kinagonga, upande wa pili kingine kinasikiliza, kisha anahesabu sauti imechukua muda gani kuvuka, ili wachimba visima wajue mwamba upi umebeba maji, na mtaa mzima unalijua hilo maana nimeutangazia mimi. Sasa maabara ya chuo inapakwa rangi, akaleta nyumbani mawe yake tisa, yamekatwa kama mishumaa, akayaloweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akasema, "Mama, haya yana vitundu kama mkate, nataka vijae maji, tafadhali usiyaguse." Jamani mshauri, mgeni gani anaangalia ndoo? Mashoga zangu walipokuja Jumapili niliyatoa, nikayaanika juani, nikayapaka mafuta ya kupikia, kidogo tu, yang'ae, nikayapanga juu ya kabati la vyombo, wakasema, "Hee, mama daktari, makubwa haya!" nikavimba kichwa, walipoondoka nikayarudisha ndooni kimya kimya, na kesho anakuja kuyapima, majibu ayapeleke kwa wakubwa wa chuo Ijumaa. Nimwambie, au maji yatanisitiri?

Mama Daktari

JIBU: Marahaba, mama, na hongera, umelea. Ila shukuru hakukuachia vyeti, ungevisugua kwa steelwool ya masufuria.

Maji hayatakusitiri. Kitundu kilichozibwa na mafuta hakinywi maji, na sauti itapita humo kwa mwendo mwingine kabisa. Mwanao atapata hesabu za uongo, atasimama Ijumaa kuziapia, wakubwa watambana maswali, naye hatajua kwamba jibu liko jikoni kwako. Hiyo ndiyo zawadi unayomwandalia?

Mpigie simu sasa hivi. Usianze na "unajua mashoga zangu". Sema, "Mwanangu, niliyatoa mawe, nikayapaka mafuta, nisamehe." Atafoka. Mwache afoke, wala usilie ili akuonee huruma. Akimaliza, muulize kama ana mawe ya akiba, na mwambie awaombe wakubwa wamwongezee muda. Mtu akisema ukweli mapema husikilizwa.

Na sherehe ya udaktari, ambayo nina hakika umeshaitangaza kuwa ni Jumamosi hii, isogeze. Mashoga wote waje Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa kumi jioni, mawe yakishapimwa upya.