Risasi za Pacha Wangu Zinakataa Kuingia

Bi Verna mpendwa, nisaidie, sijui kama haya ni ya fundi bunduki au ya mchungaji, lakini wewe umetengeneza bunduki za nusu ya Montana kwa hiyo naanza na wewe. Mimi na pacha wangu Dell tulinunua bunduki mbili zinazofanana siku moja, na kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyetujazia risasi sote wawili gerejini kwake, anaokota maganda tuliyokwisha kuyafyatua, anayasafisha, anaweka fataki, baruti na kichwa kipya, na hakuna hata moja iliyowahi kunigomea. Juni trekta lilimpindukia mteremkoni akafa. Oktoba shemeji yangu Marlys, mjane wake, akanipa boksi la mwisho alilojaza, akasema, "Chukua, Orrin. Angependa uende kuwinda."

Nikapanda mlimani peke yangu, na saa nne asubuhi kulungu dume akatoka kwenye misonobari, hatua sitini, nikasukuma bolti, kile chuma kinachoingiza risasi na kuifungia, haikufunga, nikaweka risasi nyingine, haikufunga, ya tatu vivyo hivyo, na yule mnyama hakukimbia, Bi Verna, alisimama tu akinitazama huku chuma kikilia, hata upepo ukakoma, na shingoni nikahisi pumzi ya mtu aliyesimama karibu sana, yenye harufu ya tumbaku ya kutafuna ya Dell. Nikageuka. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo zangu tu.

Niliporudi nikapita kwa Dell nikazijaribu kwenye bunduki yake, zikateleza zote bila kelele. Nikamwambia Marlys, akacheka kidogo halafu akaacha. "Basi hataki upige," akasema. Kwa hasira nikaigonga bolti yangu kwa nyundo, risasi ikakwama humo, na sasa bunduki iko ghalani na mimi siingii, kwa sababu nikipita mlangoni, mchana kweupe, nasikia bolti ikigongwa taratibu kutoka ndani.

Na sababu naijua. Siku ile ya trekta Dell alinipigia simu, "Njoo unishikie mnyororo, hapa pananitisha," nikasema nakuja, kisha nikakaa dakika arobaini nikitazama besiboli. Hakuna anayejua. Je, ni yeye anayeizuia bolti?

Orrin

Orrin, pole kwa msiba. Sasa nikugombeze. Nyundo! Kwenye risasi yenye baruti! Shukuru una macho ya kusomea haya. Usiiguse tena hiyo bunduki, na mtu yeyote asipite mbele ya mdomo wake. Nitakuja kuitoa hiyo risasi mwenyewe.

Ganda likifyatuliwa hutanuka, likachukua umbo la chemba lililomo, yaani lile tundu la risasi nyuma ya mtutu. Bunduki zenu zinafanana machoni tu. Chemba ya Dell ni ndefu kuliko yako kwa unene wa karatasi. Miaka yote alikuwa akiyabana maganda kwa mashine mwili mzima ili yaingie kote kuwili. Haya ya mwisho, yaliyofyatuliwa kwenye bunduki yake, aliyabana shingo tu, kwa hiyo bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, linagonga kwako. Lete boksi lote kwenye benchi langu. Tutavua vichwa, tutamwaga baruti, tutayabana upya na kuyapima, na kila ganda utalijaribu likiwa tupu kabla ya kulijaza. Kuhusu ghala, chuma hulia baridi ikiingia. Ukitaka, amini hivyo.

Lakini Mei Dell alikuja dukani kwangu kununua baruti, nikamuuliza kwa nini mwaka huu anabana shingo tu. Akanijibu, "Mwaka huu atapanda mmoja tu, Verna, na atachukua bunduki yangu." Nilidhani mmegombana, sikuuliza zaidi. Hilo siwezi kukueleza, na nimelifikiria sana tangu barua yako ifike.

Ninachokijua ni hiki: nenda kwa Marlys umwambie kuhusu ile simu. Usimwandikie. Kaa naye mezani, taja dakika zote arobaini, usitafute udhuru, kisha nyamaza, hata akikufukuza.

Nakutumia jibu hili kwa posta kwanza. Kwenye safu yangu gazetini nitabadilisha majina, ila Marlys si mjinga. Gazeti linatoka Alhamisi. Nenda Jumatano.