Viporo vya Bibi Ukoko

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA, CHAMA CHA JIKO MOJA

Tarehe: 14 Juni
Mahali: Jikoni, nyuma ya vyumba vya wapangaji

Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi cherehani), Mpishi, mumewe Fundi Baiskeli, Mama Pacha, Katibu.

Hakuhudhuria: Bibi Ukoko, mpishi mwanzilishi na mama mzazi wa Fundi Baiskeli (marehemu). Mwenyekiti alitaka jina hili lifutwe. Katibu alimpa kalamu alifute mwenyewe, akairudisha.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amesimama mlangoni. Alikaribishwa kiti, akasema miguu yake haina neno.

KUMB. NA. 2/ VIPORO
Mpishi alieleza kwamba tangu mazishi ya mama mkwe wake, hufunika viporo jioni na kufunga jiko kwa kufuli, na asubuhi huvikuta vimeshageuzwa chakula kipya. Wali wa jana umefinyangwa na viazi ukakaangwa, maharage yamepondwa yakawa supu nzito, hata maganda ya viazi yamekaushwa yakawa ya kutafuna. Mkaa haujaguswa. Kipimo cha chumvi ni kile cha mama mkwe, ambacho yeye, alisema, hajawahi kukipatia.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakutoa taarifa mapema. Mama Pacha alijibu kwamba njaa haina adabu, familia zote zilikula, na Mwenyekiti mwenyewe aliomba nyongeza. Mwenyekiti aliagiza hilo lisiandikwe.

KUMB. NA. 3/ BAKULI LA FUNDI BAISKELI
Mpishi aliongeza kwamba kila asubuhi sehemu moja huwa imetengwa katika bakuli la bati ambalo mumewe alilitumia utotoni, lakini mume haligusi.

Katibu alikumbusha kanuni ya marehemu: sufuria haioshwi mpaka kila mlaji aseme kwa mdomo wake kwamba ameshiba. Fundi Baiskeli alikiri kuwa siku ile ya mwisho alisukuma sahani, akamwambia mama yake kwamba yeye hali makombo, akaenda kula mgahawani. Aliporudi alimkuta amekata roho kando ya sufuria isiyooshwa.

"Alikuwa ananisubiri niseme," alisema. Alilia, na kikao kilimsubiri.

Mama Pacha alipendekeza Fundi ale bakuli la leo lote, kisha aseme ameshiba, ili mama apumzike na wapangaji nao wapate usingizi. Mwenyekiti aliunga mkono upesi kuliko kawaida yake. Iliazimiwa hivyo. Mpishi hakuinua mkono.

KUMB. NA. 4/ UTEKELEZAJI
Fundi Baiskeli alikula taratibu mpaka akakwangua bakuli kwa kidole. Mwenyekiti alimuuliza kama ameshiba. Alilamba kidole.

"Sema kilicho moyoni, baba watoto," mkewe alimwambia. "Ukishasema, ndiyo basi, harudi tena."

Mwenyekiti alirudia swali. Fundi alilitazama jiko lililozimwa, akalinyooshea bakuli.

"Bado, mama. Niongeze."

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA
Wajumbe wote wakiwa mbele ya macho ya Katibu, nyuma yake kisu kilianza kukata kitunguu, polepole, kwa mkono usio na haraka. Kikao kilifungwa saa kumi na robo jioni bila hoja wala shukrani. Fundi Baiskeli alikataa kutoka.

Mwenyekiti: ................ (amesaini uani)

Katibu: ................ (amesaini uani)