Kikaango Ulichokitakatisha

Mama mkwe wangu mpendwa,

Baada ya arobaini yako wifi Mwanaidi alinipigia simu kutoka Tanga, akanieleza jambo nisilolijua. Tangu hapo nazungumza nawe kichwani. Bora niandike.

Ulikuja kwetu Downsview, Kanada, miaka ile ya tisini, baridi ikiwa imeshika, kumwona mwanao Hamisi na mke aliyemwoa bila wewe kuwepo. Ukanikagua kimyakimya. Nilitaka unikubali, na nilikuogopa.

Siku ya pili nilirudi kutoka kazini nikakuta umekisugua kikaango changu kizito cha chuma mpaka kimekuwa kijivu. Kwenu chombo cheusi ni aibu ya mwenye jiko. Sufuria husuguliwa kwa makumbi na jivu hadi ujione uso. "Mwanamke mzima na kikaango kama kile," ulisema. "Nimekutakatishia."

Nililia, Mama. Weusi ule haukuwa masizi. Yalikuwa mafuta niliyoyachomea juu ya chuma, tabaka juu ya tabaka, ili yai lisigande na kutu isiingie. Kulipokucha kutu ilikuwa imeshaingia. Ulipoiona ulivuta kiti, ukakaa. "Basi nionyeshe."

Tukaiondoa kutu, tukakikausha motoni. Ukamimina mafuta kana kwamba unakaanga maandazi. Nikakuambia uyapake kidogo tu, kisha uyafute yote kama mtu aliyeyamwaga kwa bahati mbaya. Tukakifudikiza ndani ya oveni yenye moto mkali. King'ora cha moshi kikalia, Hamisi akatoka bafuni mbio na povu kichwani, nawe ukacheka hadi ukashika ukuta. "Nimepanda ndege kuja kukipaka chuma mafuta kama mtoto mchanga!" Tulirudia tena na tena mpaka weusi ukarudi.

Kufika kiangazi ulikuwa umenipita kwa uchu. Jumamosi tulizunguka mitaa ambako watu hutandaza vyombo vyao vya zamani mbele ya nyumba wauze. Kila kikaango ulikigeuza. Ulitafuta duara chini, la kukalia kwenye tundu la jiko la kuni, na namba kwenye mpini, alama za vikaango vya zamani. Ulipitisha kiganja ndani, kwa kuwa vya zamani vililainishwa kiwandani na vya siku hizi vinakwaruza. Mwisho ulikigonga, usikilize kama kina ufa. "Hiki kipya," ulininong'oneza mara moja, muuzaji akiapa ni cha bibi yake. "Asituuzie mbuzi kwenye gunia."

Ulirudi Tanga na kimoja sandukuni. Lakini hukuwahi kuniambia kama nimefaa. Ukipiga simu uliniuliza baridi, kisha ukamtaka Hamisi. Iliniuma, Mama. Nilizeeka na swali hilo.

Sasa wifi ananiambia kwamba jikoni kwako kila sufuria iling'aa isipokuwa kikaango kimoja cheusi, na ole wake aliyekigusa kwa sabuni. Wageni walipokushangaa uliwajibu, "Mwanangu aliye Kanada ndiye aliyenifundisha." Wakamsifu Hamisi, kijana hodari, anajua hata mambo ya jikoni.

"Hamisi gani?" ukawakatiza. "Huyo hata yai hajui kukaanga. Namsema mke wake."

Mungu akulaze pema, Mama. Jibu lako nimelipata.

Mimi,
mwanao