Mkorosho Wangu Una Mlinzi

Jumatatu, 3 Juni

Ugonjwa wa ubwiriunga umetufagia. Mikorosho ya kila mtu imejaa ule unga mweupe, maua yamekauka — isipokuwa mmoja, wangu, wa nyuma ya jiko. Wala hauna habari! Daktari wa mimea kutoka kituo cha utafiti kaukumbatia mbele za watu. Kasema huu ndio utakaookoa korosho zetu: atakata vikonyo, vile vijitawi vichanga, avibebeshe kwenye miche viote humo, kila mkulima apate. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Watu wa kituo wameuzungushia mti uzio. Geti. Kibao: HAKUNA KUINGIA. Wakatafuta mlinzi — wakamchukua mume wangu! Kapewa filimbi na kofia. Nimekwenda kuanua nguo nilizoanika mtini, kaniuliza kibali. Kibali! Na shati alilovaa nimelifua mimi! Nikamwambia, baba watoto, usinitanie. Akasema yuko kazini. Haya. Chakula nacho akakiombe kituoni.

Jumanne, 11 Juni

Kamati ya wakulima na watafiti imekaa sebuleni kwangu, ikanywa chai yangu. Kila mtu anataka vikonyo vyake kwanza. Mwenyekiti anataka mara mbili, eti wadhifa. Wanakata tu, matawi yanahesabika. Si kwamba nakataa — miche naitaka hata mimi. Lakini ng'ombe wa maziwa anachinjwa? Nikauliza, mti wenyewe ukifa je? Daktari akajibu kwa upole: mama, utaishi ndani ya miche yote.

Nimelia jikoni. Mti huu mama alinipandia nilipoolewa. Alisema mume akinishinda, nitakuwa na pa kukaa.

Jumamosi, 15 Juni

Limebaki tawi moja. Moja! Mwenyekiti kaja na msumeno. Nikaruka uzio — umri huu! — nikapanda. Naandikia huku juu.

Chini kumejaa. Mwenyekiti anasema nahujumu uchumi. Daktari ananisihi nisikanyage machipukizi. Wakulima wananishangilia, ila mmoja kaniomba nimrushie kikonyo, kimoja tu.

Mume wangu kapuliza filimbi mpaka kakohoa. Mwenyekiti kamwambia: mshushe mkeo, la sivyo kazi huna. Kanitazama weee. Nikamwambia, mlinzi, fanya kazi yako.

Kamkabidhi mwenyekiti filimbi. Kavua viatu. Anapanda — jitu zima lile, linahema!

Kafika. Anasema nisogee, naye akae. Daktari anapiga kelele: jamani, tawi hilo halibebi wawili!

Kweli, linalia. Nasogea.